Mganga aingie chuoni kama nani?

Mhadhiri wa kitivo cha afya, mwenyeji wa Malindi, ameniandikia hivi, nami nimefupisha: "Chuo kimenipa kazi ya kuandaa somo la tiba za asili za Pwani kwa wanafunzi wa uuguzi na afya ya jamii. Wenzangu kitivoni wanasema naleta ushirikina darasani. Waganga niliowaendea, wa huku Malindi na wa huko Lamu, wanauliza watalipwa vipi, na mzee mmoja wa Kigiriama ameniambia waziwazi kwamba akiwafundisha vijana sitini kwa mkupuo mmoja dawa yake itakufa nguvu. Vitabu nilivyo navyo ni orodha za miti tu. Nianzie wapi, na nitafundishaje jambo hili bila kuwadhalilisha wazee wala kuwadanganya wanafunzi?"

Mwalimu, salamu kutoka Amu, yaani Lamu, na hongera kwa kuikubali kazi ambayo wengi huikwepa. Nitakupa jibu kwanza, maelezo baadaye: anzia kwenye ugonjwa, usianzie kwenye mti. Chagua maradhi machache ambayo kila mama wa Malindi anayajua kwa majina, kisha fuata njia anayopita mgonjwa tangu anapougua mpaka apone au azikwe. Kila anayemshika njiani, awe nyanya, mganga, mkunga, mwenye duka la dawa au daktari, aingie katika somo kwa zamu yake. Mitishamba nayo itaingia, lakini iingie ikiwa mikononi mwa mtu.

Chukua dege, yaani degedege la watoto. Mtoto wa miaka miwili ameamka na homa. Adhuhuri macho yanageuka, taya zinakaza, mikono na miguu inarukaruka. Hapo nyumbani hakuna anayetaja malaria. Malaria ni ile homa ya kila msimu, mtoto hupewa dawa ya dukani akalala. Hili la sasa ni jambo jingine, limetoka nje. Nyanya anafukiza mvuje, mtoto anafunikwa kanga, na kijana wa nyumba anatumwa mbio akamlete anayejua kutibu dege. Na kuna neno ambalo wauguzi wa Pwani wanalifahamu sana: mtoto wa dege akidungwa sindano atakufa. Ukisimama aliposimama jirani, utaona neno hilo limetokea wapi. Mtoto mwenye malaria ya ubongo akicheleweshwa siku mbili, anafika wodini hali yake imekwisha kuwa mbaya. Anadungwa, na usiku anafariki. Jirani ameona sindano, halafu ameona maiti.

Kilifi ni mahali palipofanyiwa utafiti mwingi wa malaria ya watoto. Kituo cha KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, na Wellcome Trust, shirika la Uingereza, kipo hapo tangu 1989. Watafiti waliowahoji akina mama wa huko miaka ya 1990 waliukuta mgawanyo huohuo: homa inapelekwa dukani, dege linapelekwa kwa mganga. Muuguzi asiyejua hili humgombeza mama mlangoni: "Ulikuwa wapi siku zote hizi?" Mama anainamisha kichwa, na mtoto mwingine akiugua haendi tena. Muuguzi anayejua huuliza, "Mlianza kwa nani, na alimpa nini?" Anapata jibu la kweli, na kwa jibu hilo daktari anajua kama kuna dawa nyingine tumboni mwa mtoto.

Kwa hiyo somo lako la kwanza linaweza kuwa hili. Waketi chumba kimoja nyanya aliyelea wajukuu wengi, mganga anayetibu dege, na daktari wa watoto. Mganga aeleze anavyotambua, anavyotofautisha dege na kifafa, na lini husema "hili si langu". Daktari aeleze kwa nini mtoto aliyezimia anapimwa malaria, sukari na maji ya uti wa mgongo, na kwa nini saa chache zina uzito. Hapa usione haya kusema ukweli mbele ya mzee: kufukiza hakuondoi vimelea vya malaria damuni. Waganga wazuri huvumilia kuambiwa hivyo. Wasichovumilia ni kuambiwa na mtu ambaye hajawauliza chochote. Makubaliano yatakayotoka hapo ni ya maana kuliko mhadhara wowote: mtoto akizimia aende hospitali kwanza, na mganga amalizie yake akirudi. Sheria ya Afya ya Kenya ya 2017 inazitambua tiba za asili na inataka uwepo utaratibu wa waganga kuwapeleka wagonjwa kwenye vituo vya afya, kwa hiyo mwenzako akikuambia unaleta ushirikina, mwonyeshe kwamba unaifanya kazi ambayo sheria yenyewe imeiagiza.

Baada ya dege, ningeweka arubaini ya mzazi, zile siku arobaini baada ya kujifungua, halafu baridi yabisi, halafu chango. Mapepo ningeyaweka mwisho, wanafunzi wakishazoea kusikiliza kabla ya kuhukumu.

Sasa hizo orodha za miti. Zina kazi yake, na sitaki uzitupe. Lakini orodha inakuambia jina la mti na jina la ugonjwa, kisha inanyamaza: jani lilichumwa lini, lilichemshwa au lililowekwa kwenye maji baridi, lilinywewa kabla ya kula au baada, na mgonjwa alikatazwa nini siku hizo. Mwanasayansi wa China, Tu Youyou, na wenzake walikuwa na orodha ndefu ya dawa za kale za homa. Ule mmea ambao leo unatupa dawa kuu ya malaria, artemisinini, uliwapa matokeo mazuri mara moja na mabovu mara nyingine. Aliporudi kusoma maandishi ya Ge Hong ya karne ya 4, akaona ameagizwa kuuloweka mmea kwenye maji, kuukamua na kunywa maji yake. Hapakutajwa moto. Akashuku kwamba kuchemsha ndiko kunakoiua dawa, akaitoa kwa njia isiyo na joto kali, ikafanya kazi. Alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Jina la mmea lilikuwa linajulikana muda wote. Kilichopotea ni namna ya kuitengeneza. Namna hiyo, kwa mzee wako wa Kigiriama, haimo kitabuni. Imo mkononi mwake.

Si wewe wa kwanza kujaribu, na ni vizuri uyajue ya wenzetu kabla kamati ya kitivo haijakuuliza. Tanzania walianza mwaka 1974 na kitengo cha utafiti wa dawa za asili katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambacho leo ni taasisi kamili pale Muhimbili; nguvu yao ni maabara. Ghana, kwenye chuo kikuu cha Kwame Nkrumah kule Kumasi, wamekuwa na shahada ya dawa za mitishamba tangu 2001, na wahitimu wake wapo ndani ya hospitali za serikali. India wanatoa shahada ya Ayurveda, tiba ya kale ya Kihindi, na ya Unani, na hiyo Unani ndugu zetu wa Amu wataitambua mara moja, maana imetoka kwa Ibn Sina na Wagiriki waliomtangulia: mizaji, joto na baridi, ubichi na ukavu, ndiyo hesabu ambayo nyanya zetu huitumia wanapomkataza mzazi chakula fulani.

Lakini mfano ulio karibu zaidi na unachokitafuta uko mbali kuliko yote, Marekani, kwenye Chuo Kikuu cha New Mexico mjini Albuquerque. Kwa miaka mingi Eliseo Torres ameendesha hapo somo la majira ya joto kuhusu uganga wa watu wa asili ya Mexico, unaoitwa curanderismo. Waganga wenyewe husafiri kutoka Mexico kuja kusimama mbele ya darasa. Wanaonyesha kusafisha mtu kwa majani na yai, kukanda, na kujifukiza katika kibanda cha mvuke. Wauguzi, wanafunzi na watu wa mtaani hukaa pamoja. Ninachokipenda hapo ni kwamba chuo hakidai kumtoa mwanafunzi akiwa mganga. Kinamtoa akiwa mtu anayejua mgonjwa wake ametoka wapi. Hilo ndilo dai dogo ambalo somo lako linaweza kulitimiza kwa ukweli, nami nakusihi usidai zaidi.

Hapo ndipo tunafika kwenye swali la kichwa cha habari. Mganga akiingia kama kielelezo, anaonyeshwa kama samaki wa makumbusho, wazee watakuja mara moja tu. Aingie kama mwalimu. Na ualimu wake uko tofauti na wetu.

Nilikaa kando ya mama mmoja wa hapa Amu anayekanda wazazi, siku alipoletewa wanafunzi wawili wa uuguzi. Mafuta ya simsim aliyapasha kwenye kibakuli juu ya makaa, akayajaribu kwa mgongo wa kiganja. Mzazi alikuwa amelala kwenye mkeka, siku ya saba tangu ajifungue. Mama hakushika tumbo kwanza. Alishika nyayo, akauliza usiku alilalaje, nani anampikia, mume yuko bandarini au amerudi. Mwanafunzi mmoja alikuwa anaandika kila neno. Mama akamwambia kwa Kiamu, "Eka hiyo kalamu, nipa mkono," akauchukua mkono wake akauweka chini ya kitovu cha mzazi, yake juu, wakashuka pamoja polepole. "Hapo. Wasikia?" Binti akatikisa kichwa kwamba hasikii. Wakarudia. Mara ya tatu uso wake ulibadilika, akasema, "Ni gumu, kama limejikunja." Nilimwona mwanafunzi akitambua tumbo la uzazi linavyorudi mahali pake, na naamini alilijua siku ile kuliko kwenye picha zote za kitabuni. Mama alimaliza kwa kumwambia mzazi kwamba damu ikirudi kuwa nyekundu na nyingi, au homa ikipanda, asimngoje yeye, apande boti aende hospitali. Maneno hayo hakufundishwa na chuo. Alikuwa nayo.

Somo la namna hii halifanyiki kwenye ukumbi wa watu sitini. Wawili, watatu, wakizidi wanne. Kwa hiyo mzee wako aliyekataa watoto sitini ana hoja ya ualimu kabla hata hatujafika kwenye ya dawa.

Na hoja ya dawa nayo msikilize vizuri. Kwa Wagiriama uganga hupatikana kwa kutoa kitu na kwa kupitishwa. Mkoba wa dawa unarithiwa, hauokotwi. Aliyechukua bila kutoa hana alichopata. Ukiligeuza hilo kuwa "imani potofu" umelikosa. Pia ana sababu ya kuogopa ambayo hata mwanasheria angeikubali. Mwaka 1995 kituo cha tiba cha Chuo Kikuu cha Mississippi kilipewa hataza, yaani haki ya kisheria ya kumiliki uvumbuzi, ya kutumia manjano kuponya vidonda, jambo ambalo bibi yeyote wa Kihindi analijua. India ikapinga, ikaweka maandishi ya kale mezani, na hataza ikafutwa 1997. Mwarobaini nao: kampuni ya W. R. Grace pamoja na Wizara ya Kilimo ya Marekani walipewa hataza Ulaya ya dawa ya kuvu inayotokana na mafuta yake. Ilifutwa mwaka 2000, na rufaa ikatupwa 2005. India ilishinda ile ya manjano kwa sababu ilikuwa na karatasi. Mzee wako hana karatasi. Akisema mbele ya simu sitini zinazorekodi, kesho dawa yake ni ya yeyote. Asiposema kabisa, akifa inakufa naye. Huo ndio mtego, na kazi yako ni kumsaidia autoke, usimsukume ndani zaidi.

Kenya ina sheria ya kulinda maarifa ya jadi, ya mwaka 2016. Inataka idhini ya wenye maarifa kabla hayajatumiwa, na imezipa serikali za kaunti jukumu la kuweka rejista. Katiba yenyewe, kifungu cha 11, inataka jamii zilipwe fidia au mirabaha utamaduni wao unapotumiwa. Kwa hiyo kabla ya muhula kuanza, keti na kila mganga, kwa Kiswahili au Kigiriama, mbele ya mtu wa familia yake, mkubaliane yapi yatasemwa. Yale ya wote, kama uwatu kwa anayenyonyesha, asali na habasoda, majani ya mwarobaini kwenye maji ya kuoga, hayana shida. Ya mkobani yabaki mkobani. Mwanafunzi anaweza kufundishwa kwamba kuna dawa hapa asiyotajiwa, na kwa nini hatajiwi. Hilo nalo ni elimu. Simu zikusanywe mlangoni. Akitaka kubadili nia katikati ya muhula, ana haki.

Ukitaka kukusanya mimea kwa utafiti, hilo ni jambo jingine kabisa: kuna kibali cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, kamati ya maadili, na NEMA, mamlaka ya mazingira, kwa rasilimali za kijenetiki. Usichanganye safari ya wanafunzi na ukusanyaji. Na usiingize basi la vijana kwenye kaya, misitu mitakatifu ya Wamijikenda, bila wazee wa kaya kuridhia. Misitu ile imo kwenye Urithi wa Dunia tangu 2008, lakini ilikuwa na wenyewe kabla ya hapo.

Utamchaguaje mganga? Nguzo za stima za Malindi zimejaa mabango ya wanaorudisha wapenzi, kazi na mali iliyoibwa, malipo baada ya mafanikio. Hao hawajitangazi bure: wamekosa wateja wa karibu. Uliza majirani wanampeleka nani mtoto wao wenyewe. Uliza mganga: ulifundishwa na nani, naye na nani? Hapa kwetu elimu ya msikiti wa Riyadha, ile aliyoianzisha shekhe Habib Swaleh, imetuzoesha kupima mtu kwa mlolongo wa walimu wake, na kipimo hicho kinafaa hata kwa asiyejua kusoma. Kisha uliza swali linalotenganisha zaidi: ugonjwa gani huwezi? Asiye na jibu, muage kwa heshima.

Kuhusu dini, usiikwepe. Lamu utakuta mashekhe wasio na neno na hijama (kuumika), asali wala kisomo cha ruqya (kumsomea mgonjwa Kurani), lakini wakali sana kwenye ramli na mambo ya mapepo. Malindi utakuta wachungaji wanaoyakataa yote. Wape nafasi waseme, wapewe saa yao kama wengine. Kanuni ya darasa iwe moja: tunaeleza na kuonyesha, hatutibu, na hakuna mwanafunzi anayelazimishwa kunywa kombe (maji yaliyooshewa maandishi ya Kurani), kusomewa wala kufukizwa.

Wanafunzi nao wafundishwe kuogopa inapostahili. Miaka ya mwanzo ya 1990 huko Ubelgiji zaidi ya wanawake 100 waliharibiwa figo kwenye kliniki ya kupunguza unene, kwa sababu mmea mmoja wa Kichina uliingizwa badala ya mwingine wenye jina linalokaribiana. Hakuna aliyekusudia ubaya. Hapa kwetu tuna mnanaha, unaoota majalalani na kuwatia watu wazimu wakizidisha. Neno "asili" si kinga.

Kuna jambo zito kuliko haya, nami naliandika kwa uchungu. Huko kwenu Kilifi wazee wameuawa kwa kushukiwa uchawi, wengine na watoto wa ndugu zao wenyewe, mara nyingi kukiwa na shamba nyuma ya shutuma. Sheria ya Uchawi iliyotungwa na mkoloni mwaka 1925 imewaweka waganga kwenye hofu kwa vizazi. Mzee anayetajwa hadharani kuwa ni "mganga wa chuo" anaweza kujikuta amewekewa alama. Kwa hiyo jina lake, picha yake na kijiji chake visitoke kwenye ratiba ya ukutani wala ukurasa wa chuo mpaka yeye, si mwanawe, aridhie. Na somo lako litenge muda wa kulisema hili bila kumung'unya, kwa sababu baadhi ya wanafunzi hao watarudi kwenye zahanati za Ganze na Magarini, na muuguzi anayemtofautisha mganga na mchawi mbele ya watu anaweza kuokoa shingo ya mtu.

Malipo: yatangulie. Najua chuo ambacho bibi mkunga alifundisha muhula mzima, kisha idara ya fedha ikamdai PIN ya KRA, ile namba ya mlipa kodi, ankara na akaunti ya benki. Alilipwa baada ya miezi mingi, na wenzake wote wakajua. Omba fungu dogo la fedha taslimu au M-Pesa, liidhinishwe kabla, na kiwango kisiwe chini ya cha mhadhiri mgeni. Chuo kikikuambia hana shahada, waulize daktari wa hospitali anayesimamia wanafunzi wodini analipwa kwa kazi gani. Mganga naye anasimamia mafunzo kwa vitendo, na somo lenyewe linabaki chini ya jina lako, ambalo ndilo mdhibiti wa vyuo vikuu atalitafuta. Ndiyo maana nakushauri usianze na shahada mpya. Kupitishwa kwake ni safari ndefu. Anza na somo la hiari ndani ya shahada iliyopo.

Na mtihani: mwanafunzi aandike njia ya mgonjwa mmoja tangu nyumbani, jina likiwa limefichwa, aonyeshe wapi muda ulipotea na nani alisaidia. Sehemu ya alama itoke kwa mganga au mkunga aliyemshika mkono au kumkalisha kilingeni. Hataandika asilimia. Atakuambia nani alisikiliza na nani alikuwa anatazama saa, nawe uigeuze iwe namba. Muhula wa kuja Lamu uupange nje ya Ramadhani, na nje ya Maulidi, maana mji huwa umejaa na akina mama unaowataka wako jikoni. Na upelekapo wanafunzi Mokowe kupanda boti wakati wa kusi, wavuke asubuhi.